Miaka 12 ya shule: nani anaruhusiwa kuomba chuo kikuu Japani

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa nyumbani Tanzania, simu yangu hujaa ujumbe. Watoto wa ndugu, watoto wa marafiki, hata watoto wa watu niliosoma nao Tanga ambao hatujaonana miaka nenda miaka rudi. Ujumbe wao unafanana: "Shikamoo shangazi. Nimemaliza fomu foo, nimepata divisheni wani. Naweza kuja kusoma chuo kikuu Japani?" Naitikia marahaba, nampa hongera ya dhati, halafu namwambia neno ambalo najua litamchoma: kwa kidato cha nne pekee bado, hata ungekuwa na A katika kila somo. Kaka yako aliyemaliza kidato cha sita kwa divisheni tatu, yeye anaruhusiwa kuomba.

Wengi hudhani nimekosea, au sitaki waje. Siwalaumu. Sisi tumelelewa na mitihani ya taifa. Matokeo yakitoka, mtaa mzima unajua nani kapata ngapi, na kuanzia siku hiyo divisheni yako inakutangulia kila unakokwenda. Japani imepanga mambo kwa namna nyingine. Kabla hujaulizwa umepata ngapi, unaulizwa umesoma shule miaka mingapi na kama uliimaliza. Swali la umepata ngapi linakuja baadaye, tena linaulizwa na chuo chenyewe kwa mitihani yake. Anayeyachanganya maswali haya mawili hupoteza mwaka, na mara nyingi hupoteza pia pesa za wazazi.

Mlango wenyewe uko katika kifungu cha 90 cha Sheria ya Elimu ya Shule, iliyotungwa mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita kwisha, Wajapani walipoisuka upya elimu yao: miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini, 3 ya sekondari ya juu na 4 ya chuo kikuu. Kifungu hicho kinawataja watu wa namna tatu. Wa kwanza ni aliyehitimu sekondari ya juu. Wa pili ni aliyemaliza miaka 12 ya elimu ya kawaida ya shule. Wa tatu ni yule ambaye Waziri wa Elimu, kwa kanuni alizoweka, amemtambua kuwa na elimu inayolingana na ya hao wawili au inayowazidi. Huyu wa tatu ndiye mwenye habari nyingi, nitamrudia. Lakini utaona kwamba 6 na 3 na 3 ni 12, na hiyo 12 ndiyo namba ambayo mgeni yeyote atapimwa nayo.

Basi tuhesabu. Tanzania Bara kwa mfumo tuliousoma sisi ni miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya juu. Kidato cha nne ni mwaka wa 11, kidato cha sita ni wa 13. Uganda ni vivyo hivyo: S.4 ni 11, S.6 ni 13. Mkenya wa 8-4-4 akimaliza kidato cha nne ametimiza 12 kamili, na ndiyo maana mtoto wa Mombasa na mtoto wa Tanga wanaweza wote kuwa na cheti kilichoandikwa kidato cha nne, mmoja akapokelewa na mwingine akarudishwa. Mtaala mpya wa umilisi wa Kenya nao, ukiacha miaka ya chekechea, ni 6 na 3 na 3, sawasawa na Japani. Rwanda ni 6 na 3 na 3. Kongo, mtu akishika Diplome d'Etat yake, awe wa Goma au wa Lubumbashi, ana 12.

Tanzania yenyewe inabadilika. Sera ya elimu ya toleo la 2023 inaipunguza elimu ya msingi kuwa miaka 6, na watoto walioanza na mpango huo watakuwa na 6, 4 na 2. Kidato chao cha sita kitakuwa mwaka wa 12, hivyo mlango wa Japani utabaki wazi kwao. Kidato chao cha nne kitashuka kuwa mwaka wa 10. Wazazi wenye watoto wadogo waliweke hilo akilini, maana ule mwaka mmoja ambao leo unamtenga mtoto wa fomu foo na mlango utakuwa miwili.

Sasa nieleze kuhitimu kwenyewe hapa kukoje, kwa sababu nililijua kupitia binti yangu na sikulijua kwa kusoma.

Japani hakuna mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hakuna baraza la mitihani kama NECTA yetu. Shule ndiyo inayomhitimisha mwanafunzi wake, na inamhitimisha kwa yuniti. Serikali imeweka kiwango cha chini: yuniti 74. Yuniti moja ni vipindi 35 vya dakika 50. Shule nyingi zinadai zaidi ya 74, lakini chini ya hapo hakuna anayehitimu. Mwanafunzi akihudhuria, akafanya kazi, akafaulu mitihani ya shule yake, anapewa yuniti za somo lile. Akikosa vipindi vingi kupita kiasi, mara nyingi theluthi moja ya vipindi vya somo kwa mwaka, yuniti hazipati hata kama kichwani anaelewa vizuri kuliko mwalimu. Mtihani mkubwa wa Januari ambao watu huuona kwenye televisheni, watoto wamevaa makoti na theluji inaanguka, si wa kuhitimu. Ni mtihani wa pamoja wa kuingia chuo kikuu, ulioanza kwa jina lake la sasa mwaka 2021 ukarithi ule wa Center uliokuwepo tangu 1990. Mtu anaweza kuufanya vibaya sana na bado Machi akapewa cheti chake cha kuhitimu sekondari kwa heshima zote.

Sekondari ya juu si elimu ya lazima. Lazima inaishia miaka 9. Lakini karibu watoto wote huendelea, kiasi cha 98 au 99 katika kila 100, na hapo ndipo uzito wake ulipo: asiyemaliza anaonekana kama kisiwa.

Binti yangu alifika hapa akiwa mtoto wa shule ya msingi, akapanda madarasa pamoja na wenzake mpaka sekondari ya juu. Mwaka wa pili akaanza kushindwa kuamka. Tumbo, kichwa, kizunguzungu, kila asubuhi kitu. Daktari hakuona ugonjwa. Wajapani wanalijua sana jambo hili la mtoto kushindwa kwenda shule na wana watu wa kulishughulikia, ila ukiwa mama kutoka Tanga, uliyekuwa unatembea kwa miguu kwenda shule na kuchapwa ukichelewa, linakuvunja moyo kwa namna ambayo huna wa kumwambia. Mwalimu wa darasa akatuita kwenye kikao cha watu watatu: mwalimu, mwanafunzi, mzazi. Kila mzazi wa Japani anakijua kikao hiki.

Tulikaa darasani, madawati manne yameunganishwa, mimi nimevaa zile ndala za wageni zinazotolewa mlangoni. Mwalimu alikuwa kijana mpole. Aliweka mezani karatasi moja na kuigeuza ielekee kwetu. Upande wa kushoto majina ya masomo, katikati yuniti za kila somo, kulia vipindi alivyokosa na vipindi ambavyo bado angeweza kukosa kabla somo halijapotea. Alipita na kalamu mstari kwa mstari bila haraka. Kwenye Kiingereza bado kulikuwa na nafasi. Alipofika hisabati akasimama. "Mama," akasema, "hapa vimebaki vichache kuliko vidole vya mkono mmoja." Binti yangu alikuwa anatazama dirishani. Mimi nilikuwa naangalia namba iliyoandikwa chini kabisa ya karatasi, 74, na safu ya mwaka wa kwanza ambayo ilikuwa imejaa vizuri.

Nikamuuliza mwalimu swali la Kitanzania: hawezi kusomea nyumbani akafanya mtihani tu? Akanijibu kwa upole kwamba katika shule ile hawezi, ila Japani anaweza. Akatoa karatasi nyingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sekondari ya juu ina njia tatu zenye cheti kimoja. Kuna ya kutwa nzima, hii ya kawaida. Kuna ya muda maalumu, ambayo wengi huijua kama shule ya jioni: ilianzishwa miaka ile ya baada ya vita kwa vijana waliokuwa wakifanya kazi viwandani mchana, na mpaka leo ziko zinazowapa wanafunzi chakula cha jioni kabla ya vipindi. Kwa kawaida inachukua miaka minne. Na kuna ya masafa, ambapo mwanafunzi hutuma kazi zake, huhudhuria siku chache za ana kwa ana, na hufanya mitihani. Hii ya masafa imekua sana. Leo takriban mwanafunzi mmoja kati ya kumi wa sekondari ya juu yuko huko. Anayehitimu kwa njia yoyote kati ya hizi ni mhitimu wa sekondari ya juu mbele ya sheria, hakuna cheti cha daraja la pili. Na yuniti ulizokwisha kuzipata unahama nazo. Hilo la kuhama na yuniti nalipenda sana. Kwetu mtoto akiugua mwaka wa mtihani, kazi ya miaka minne inaning'inia kwenye wiki chache za Novemba.

Na kuna njia ya nne, ambayo haikupi cheti cha kuhitimu lakini inakupa haki ya kuomba chuo. Jina lake refu ni Kotogakko Sotsugyo Teido Nintei Shiken, watu wanaliita konin. Ni mtihani wa Wizara ya Elimu wa kuthibitisha kwamba mtu ana elimu ya kiwango cha mhitimu wa sekondari ya juu. Ulianza mwaka 2005 ukachukua nafasi ya ule ulioitwa daiken, wa tangu 1951, uliowekwa enzi ambazo vijana wengi waliikosa sekondari kwa umaskini. Unafanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Novemba. Anayetimiza miaka 16 ndani ya mwaka huo wa shule anaruhusiwa, Mjapani au mgeni. Ada ni ndogo kwa viwango vya hapa: yeni 4,500 kwa masomo matatu au pungufu, 6,500 kwa manne mpaka sita, 8,500 kwa saba au zaidi. Somo ulilofaulu linabaki lako. Usilofaulu unalirudia peke yake. Tangu 2007 unafanyika hata ndani ya magereza na shule za kurekebisha vijana waliokosea, jambo ambalo nikilifikiria naiheshimu nchi hii.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, na watahiniwa wa kujitegemea. Nia ni jirani. Tofauti ni kwamba QT inakurudisha kwenye foleni ya mtihani wa kidato cha nne, na konin inakufikisha moja kwa moja mlangoni mwa chuo kikuu.

Binti yangu aliichagua konin. Kwa kuwa mwaka wa kwanza aliumaliza salama, masomo aliyoyapatia yuniti shuleni yalihesabiwa na akasamehewa kuyafanya: Kijapani, hisabati, Kiingereza. Yakabaki machache, sayansi na uraia miongoni mwao. Kanuni inataka angalau somo moja ulifaulu kwenye mtihani wenyewe, hata kama yuniti zako zinakusamehe yote. Alisomea jikoni usiku, maana usiku ndio uliokuwa wake. Agosti tukapanda treni pamoja, joto la kukata pumzi, mimi nikamsubiri nje kwenye kivuli na chupa ya chai ya shayiri. Alipotoka jambo la kwanza kunieleza halikuwa mtihani. "Mama, mbele yangu amekaa bibi, bibi kabisa, mvi zote. Na pembeni kaka mmoja ana rangi nywele nzima na mikono ya fundi. Wote tunapaka viduara kwa penseli." Sikumbuki lini mara ya mwisho kabla ya hapo alinisimulia kitu bila kuulizwa.

Matokeo yalikuja kwa posta. Alifaulu. Na sasa sikilizeni sehemu ambayo watu wengi, Wajapani wakiwemo, hawaifahamu sawasawa. Aliyefaulu konin hajahitimu sekondari ya juu. Anastahili kuomba chuo kikuu chochote nchini, cha serikali au binafsi, anaweza kuomba mitihani mingi ya utumishi wa umma, lakini ukimuuliza kiwango chake cha elimu kwenye fomu, bado ni mhitimu wa sekondari ya chini mpaka atakapomaliza shule au chuo kingine. Kwenye wasifu wake wa kuombea kazi ataandika mstari kwamba amefaulu mtihani huo. Mwajiri mwenye busara ataelewa. Wapo wanaotazama tu neno "mhitimu" na kugeuza ukurasa. Pia, akifaulu kabla ya kutimiza miaka 18, kufaulu kwake kunaanza kuhesabika siku inayofuata baada ya kutimiza 18.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu. Kwangu kustahili na kuhitimu vilikuwa kitu kimoja, na hapa sheria imevitenga. Ukitaka kuona vilivyotengana, watazame wale wanaoruka darasa. Chuo Kikuu cha Chiba mwaka 1998 kilianza kupokea vijana waliomaliza mwaka wa pili tu wa sekondari ya juu, wenye kipaji cha pekee katika fizikia. Wakawa wanafunzi wa chuo kikuu wenye umri wa miaka 17 bila kuwa wahitimu wa sekondari. Ikitokea mmoja akaacha chuo njiani, kisheria alikuwa anarudi kuwa mtu wa sekondari ya chini, yeye aliyekuwa mbele ya wenzake wote! Mwaka 2022 ndipo serikali ilipoanza utaratibu wa kuwatambua vijana hawa kuwa na kiwango cha mhitimu. Ilichukua karibu robo karne kuliziba pengo hilo.

Binti yangu aliomba chuo kwa karatasi hiyo. Wenzake waliobaki shuleni walipeleka ile ripoti ya shule, chosasho, ambayo mwalimu huandika alama, mahudhurio na mwenendo, akaitia kwenye bahasha na kuipiga muhuri juu ya mkunjo. Bahasha ikifunguliwa na mwanafunzi imekufa, hakuna chuo kitakachoipokea. Yeye badala yake alipeleka hati ya alama zake za konin kutoka wizarani. Sasa yuko mwaka wa pili wa chuo.

Nimrudie yule mtu wa tatu wa sheria, anayetambuliwa na waziri, kwa sababu sisi Waswahili wengi tunaangukia huko au kwa mtu wa pili. Aliyemaliza miaka 12 ya shule nje ya Japani anapokelewa. Mwenye diploma ya kimataifa ya IB anapokelewa, mwenye Abitur ya Ujerumani, mwenye Baccalaureat ya Ufaransa, mwenye A level za Uingereza. Watoto waliosoma shule za kimataifa ndani ya Japani walisumbuka sana huko nyuma: mpaka mwaka 2003 mtu aliweza kumaliza shule ya kimataifa ya Tokyo na bado akalazimika kufanya daiken kabla ya kuomba chuo kikuu cha serikali. Mwaka huo kanuni zikalegezwa kwa shule zilizothibitishwa na mashirika ya kimataifa, na kwa zile ambazo nchi zao zinazitambua kuwa sawa na sekondari za kwao, kama shule za Wabrazili. Shule za Wakorea zenye uhusiano na Korea Kaskazini hazikuingia kwenye kundi hilo, na wahitimu wao wakaachiwa njia ya mwisho: chuo kumchambua mwombaji mmoja mmoja na kuamua kama anastahili, mradi awe na miaka 18. Njia hiyo ipo kwa yeyote, lakini si kila chuo kina moyo wa kuitumia, na watoto wa jamii iliyokaa Japani vizazi na vizazi kupewa njia hiyo peke yake ni jambo ambalo mimi siwezi kuliona sawa.

Na mwenye miaka 11? Hapa ndipo mawakala wanapowakamata watu. Wanamwambia mzazi wa Dar: mlete shule ya lugha, akisoma Kijapani mwaka na nusu, ule mwaka uliopungua utakuwa umezibwa. Sivyo. Shule ya lugha ya kawaida haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kozi ya maandalizi iliyoteuliwa na Waziri wa Elimu, ambayo pamoja na Kijapani inafundisha hisabati, sayansi, Kiingereza na masomo mengine ya sekondari. JASSO, shirika la serikali la kuhudumia wanafunzi, lina kozi hizo, na zipo shule nyingine zilizo kwenye orodha ya wizara. Kabla hujamlipa wakala hata senti, mwulize jina la shule, kisha litafute kwenye orodha hiyo. Akikuambia orodha haina umuhimu, ondoka. Nimekutana na vijana hapa waliomaliza shule ya lugha, Kijapani kinatiririka, pesa za familia zimekwisha, na ofisi ya udahili inawaambia bado wana miaka 11.

Kwa mtoto wa Tanzania au Uganda mwenye kichwa cha shule, ushauri wangu haubadiliki: nenda kidato cha tano na sita. Ni nafuu kuliko kozi yoyote ya Japani, utatoka na miaka 13, na fizikia na hisabati ya kule itakubeba huku. Aliyekwenda diploma ya ufundi baada ya kidato cha nne, au aliyepita QT na kufanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa miaka michache, ndiye anayepaswa kuwaandikia ofisi ya udahili mapema kuliko wote, kwa sababu vyeti vyake ni halali nyumbani lakini hesabu ya miaka yake haionekani moja kwa moja kwenye karatasi. Aandike madarasa yote aliyosoma, mwaka hadi mwaka, na jina la kila shule, kisha aulize swali moja: je, kwa historia hii ninastahili kuomba? Jibu alipate kwa maandishi, na alipate kabla ya kulipa ada ya kufanyiwa usaili, ambayo kwa vyuo vikuu vya serikali ni yeni 17,000 na ukishaomba hairudishwi.

Tunzeni pia karatasi za zamani. Vyuo vingine havitosheki na cheti cha mwisho, vinataka uthibitisho wa kila ngazi, na cheti cha darasa la saba kilichoandikwa kwa Kiswahili kitahitaji tafsiri yenye muhuri. Mwaka wa masomo hapa huanza Aprili, na maombi mengi hufanyika kati ya Septemba na Februari. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, kwa hiyo muda upo, ila si mwingi kama unavyodhani.

Mmoja wa wale wa ujumbe, kijana wa Morogoro, mtoto wa binamu yangu, alinuna wiki nzima nilipomwambia bado. Kisha akaenda kidato cha tano, PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Juzi ameniuliza kama aanze Kijapani sasa au asubiri mpaka amalize. Nimemwambia ule mtihani wa wageni, EJU, unaofanyika Juni na Novemba, sayansi na hisabati anaweza kuzifanya kwa Kiingereza, lakini somo la Kijapani halina njia ya pembeni kwa vyuo vinavyofundisha kwa lugha hiyo. Kwa hiyo aanze hiragana likizo ya Desemba, na namba za kemia asiziache.